Moto wa Kwanza Huwashwa na Fundi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa tindo na nyundo, nikaambiwa nibomoe ukuta wa bafu katika nyumba moja mtaa wa Tudor, Mombasa. Nilikuwa kijana kutoka Merigi, huku milimani kwenye baridi, nimefika pwani wiki hiyo hiyo, na jasho lilinitoka hata nikiwa nimesimama tu. Nilipolifikia bomba nikalishika nilivute. Likavunjika vipande mkononi kama mkate mkavu. Nikajua kazi imeisha kabla haijaanza. Msimamizi wetu, mtu wa pwani mwenye sauti ya upole, alicheka mpaka akavua kofia, akanieleza kwamba mimi sikuvunja kitu. Chumvi ndiyo iliyovunja.

Nyinyi vijana mnaoanza ufundi leo mnakuta plastiki kila mahali. Siku zile bomba la maji lilikuwa la chuma kilichopakwa zinki ili kisishike kutu. Zinki hiyo ingedumu huku kwetu, lakini pwani haikufua dafu. Chumvi ilikuwa kwenye hewa, kwenye maji ya visima, hata kwenye mchanga uliopigiwa plasta. Bomba lililofichwa ukutani lilikuwa linaliwa polepole, na mwenye nyumba hajui mpaka aone rangi ya ukuta imevimba.

Shida ya pili ilikuwa maji ya mgao. Yanakuja leo, kesho hakuna. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na tangi juu ya paa, na kwenye bomba la kuingilia tulifunga vali ya njia moja, ile inayoruhusu maji kupita mbele na kuyazuia kurudi nyuma. Bila hiyo, bomba la barabarani likikauka, tangi lako lote lingeteremka kuwanufaisha majirani.

Ya tatu ilikuwa wadudu. Joto lile na unyevu ule ni starehe ya mende na mbu.

"Kijana wangu," Msimamizi aliniambia, "usiache kinywa cha bomba wazi hata siku moja. Ukiacha, mende watahamia nyumba hii kabla ya mwenyewe."

Nilifunga kila kinywa cha bomba kwa miaka minne. Nawashukuru watu wale mpaka leo, maana nilikwenda sijui kushika spana nikarudi fundi. Lakini angalieni jambo moja: katika miaka hiyo yote hakuna mtu hata mmoja aliyeniomba maji ya moto. Pwani, ikifika saa nane mchana, kwa maji ya tangi la paa unaweza kumwogesha mtoto bila kuwasha chochote.

Baba alipougua nilirudi nyumbani, na mwanzoni mwa miaka ya tisini nikapata kazi kwenye shamba moja la chai upande wa Kericho, idara ya majengo. Meneja wa Majengo aliniuliza maswali matatu: kama najua kukata meno ya bomba ya kuungia, kama nakunywa pombe, na nasali kanisa gani. Nikajibu vizuri mawili na nusu. Akanikabidhi kwa foreman, yaani mkuu wa mafundi, mzee aliyeitwa Arap Rono, mfupi, mwenye koti zito na gambuti, ambaye hakupenda maneno mengi.

Huku adui walikuwa wengine kabisa. Maji ya kijito yalikuwa mengi, matamu, na baridi ya kuuma mifupa. Mizizi ya mibuluu, ile mikaratusi, iliingia kwenye mabomba ya maji machafu ikajaza kama nywele. Mvua ya mawe ilipasua kila kitu cha plastiki kilichoachwa nje. Na nyuma ya kila nyumba ya mfanyakazi wa ngazi ya juu kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona pwani, yaani kuni busta.

Busta ni pipa la chuma lenye jiko katikati. Maji baridi yanashuka kutoka tangi la juu na kuingia chini ya pipa, unawasha kuni, maji ya moto yanapanda na kwenda bafuni. Juu ya pipa linatoka bomba jembamba linalopanda mpaka kulipita tangi, na mdomo wake unaachwa wazi. Hilo ndilo bomba la kupumua. Maji yakichemka kupita kiasi, mvuke unatokea hapo.

Arap Rono alikuwa na sheria moja kuhusu busta. Fundi aliyeifunga ndiye anayewasha moto wa kwanza, kisha anakaa hapo. Hapigi hatua mpaka mwenye nyumba apike chai kwa maji yake na yeye fundi ainywe. Alituambia pipa lina sauti, na asiyekaa haisikii. Mimi nilimtazama nikaona ni mzee anayependa chai ya bure. Nakiri hivyo bila kujificha.

Siku hiyo nilitumwa nyumba ya nesi wa zahanati ya shamba. Nesi alikuwa kazini, na nyumbani alikuwa yaya wake, Mama Chelangat, mama wa makamo, pamoja na watoto wawili wa nesi. Nilibadilisha mabomba yote ya busta, na niseme ukweli, nilifanya kazi safi. Kisha mkono wangu ukafanya ulichozoea. Nikaona mdomo wa bomba uko wazi kule juu, nikapanda ngazi nikaufunga kwa kizibo cha chuma, nikakaza kwa nyuzi za katani na rangi kisivuje. Nikashuka, nikafunga na vali ya njia moja kwenye bomba la maji baridi, nikijisifu moyoni kwamba hawa watu wa milimani wamepata fundi aliyetembea.

Kama hujanielewa, ngoja nikueleze. Nililiziba pipa juu, nikaliziba na nyuma, maji yasiweze kurudi tangini. Moto ukiwaka, mvuke hauna pa kutokea ila kupasua chuma.

Mama Chelangat alikuwa ameshaleta kuni. Akaniambia nisubiri kidogo, chai haitachelewa. Kwetu mtu hakatai chai hivi hivi, nami nilijua hivyo tangu nikiwa mtoto. Lakini trekta ya kunipeleka kwenye mazoezi ya kwaya ilikuwa inaondoka, na mawingu ya mvua ya mawe yalikuwa yametanda. Nikamwambia, "Mama, leo sina nafasi," nikabeba mfuko wangu nikaenda kuimba.

Jioni watoto walitaka kuoga. Mama Chelangat akawasha kuni, na baada ya muda akasikia pipa likiguna na mabomba ukutani yakitetemeka. Akafungua mfereji wa bafu aone kama maji yamepata moto. Ukatoka mvuke na mchanga wa kutu kwa kishindo. Aliacha mfereji wazi, akawasukuma watoto nje uwanjani, akarudi peke yake nyuma ya nyumba, akazichomoa kuni zinazowaka kwa mikono.

Asubuhi Arap Rono aliniita kwenye stoo. Alikuwa amekishika kizibo changu kiganjani.

"Hii kitu ni wewe uliweka?"

"Ni mimi."

"Na ile vali?"

"Ni mimi, mzee. Huko Mombasa..."

"Huko Mombasa mulikuwa munachemsha maji?"

Akaniambia huyo mama angekimbia na watoto tu, akaacha kuni zikiwaka, ukuta wa jikoni ungeanguka wote. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeungua vibaya, naye yuko zahanati. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Hiyo chai ulikunywa?"

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nililia mbele yake, mtu mzima.

Meneja wa Majengo alitaka nifukuzwe siku hiyo hiyo, na angekuwa na haki. Arap Rono ndiye aliyenisimamia. Nilisimuliwa baadaye kwamba alimwambia Meneja fundi mpya atakayekuja naye atakuwa hajawahi kuogopa pipa, lakini huyu ameshaogopa. Adhabu yangu ikawa kuzunguka shamba zima nikikagua busta moja moja, kuwasha moto, kukaa, kunywa chai. Nilikunywa chai mpaka nikachoka nayo. Nikajifunza sauti ya pipa linalopumua vizuri, mvumo wa chini usiobadilika.

Zahanati nilikwenda na mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, na maneno niliyoyapanga njia nzima. Mama Chelangat hakunipa nafasi ya kuyasema. Alitazama bandeji yake, akasema, "Wewe ungekunywa tu hiyo chai."

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilihamishiwa shamba la upande wa Sotik, nikawa foreman, nikapewa gambuti na stoo yangu. Watu niliowafundisha niliwapa yote mawili, ya Msimamizi wa pwani na ya Arap Rono, ila kwanza niliwauliza nyumba iko wapi na maji yake yanafanya nini. Katika miaka yote hiyo sikuondoka kwenye moto wa kwanza hata mara moja, kuwe na mvua, kuwe na msiba, kuwe na kwaya.

Nimestaafu sasa, na magoti hayapandi ngazi kama zamani. Lakini juzi juzi Mama Chelangat, ambaye siku hizi wote tunamwita Kogo, yaani bibi, alijengewa nyumba na binti yake karibu na Kaplong. Akakataa mafundi wote walioletwa kufunga busta. Akasema nitafutwe mimi.

Nilifunga kwa siku mbili. Bomba la kupumua nililiacha wazi, naye alisimama chini akinielekeza kama vile sijui. Nikawasha kuni, nikavuta kigoda, nikakaa. Pipa likaanza kuvuma. Akaja na birika, akamimina kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukunji vidole vizuri tangu siku ile. Nilikunywa kikombe chote.

"Maji imepata moto," akaniambia. "Sasa unaweza kwenda."

Nikamnyooshea kikombe aniongeze.