Siku Niliyowavusha Wakwe Bila Suruali

Kama umewahi kupita Mbita ukasikia habari ya mtu aliyewafikisha wakwe zake ufukweni akiwa na chupi ya maua, usihangaike kuuliza ni nani. Ni mimi, Ochieng', na habari yenyewe ni ya kweli, ila wanaoisimulia huanzia kwenye chupi na kuishia kwenye chupi, wanaruka yote ya katikati ambayo mimi najivunia mpaka leo.

Ilikuwa miaka ya tisini, gugumaji limefunika ziwa mpaka unadhani ni shamba, na mimi nilikuwa naendesha boti ya mbao yenye injini ya petroli kati ya Luanda Kotieno na Mbita, boti yangu mwenyewe, na nilikuwa nimemchumbia Atieno. Siku ya watu wa kwao kuja kuona kwetu Mbita ilipofika nikasema hawatavuka na boti ya mtu mwingine, nitawabeba mwenyewe. Mpaka hapo hakuna shida. Shida ni kwamba niliamua kuvaa suti. (Rafiki yangu aliniambia mkwe akikuona na bukta yenye mafuta atadhani binti yake anaolewa na injini.) Ilikuwa suti ya sufu, ya kijivu, nzito, nilishonewa na fundi mmoja Mhindi pale Kisumu, na nikasimama nayo nyuma ya boti juani nikitokwa jasho kama mtu anayepakia miwa Muhoroni. Ndani nilikuwa na chupi ambayo dada yangu alinishonea kwa kitambaa kilichobaki cha mapazia, maua makubwa mekundu. Nani angeiona?

Mbele yangu alikaa Mama Atieno na kina mama wenzake, na sufuria zao, na unga, na kuku, na mjomba mmoja wa Atieno anaitwa Mzee Okelo, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kunipima. Na kwa wasiojua mambo yetu, kwetu Wajaluo mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa umbali, humkaribii ovyo, hata kula mbele yake ni mtihani.

Tulipofika katikati gugumaji likajisokota kwenye propela na injini ikazima. Nikaiinua, nikatoa majani, nikaiwasha tena, bila kujua kwamba katika kule kuiinua, mpira unaoleta petroli kutoka kwenye tangi ulikuwa umelegea na unadondosha. Nikasikia "pufu", kitu kidogo tu kama mtu anayepuliza jiko, na nilipogeuka injini ilikuwa inawaka.

Kina mama wakapiga kelele. Mzee Okelo akachota maji na sufuria.

"Mzee, usimwage," nikamwambia. "Petroli itaelea na moto wake, tutaungua wote."

"Sasa unataka tuwe tunautazama?"

Niliukunja ule mpira nikaubana petroli isitoke, nikauchomoa kwenye tangi, nikalisukuma tangi mbele mbali na moto, nikavua koti la suti (koti jipya, jamani), nikalichovya ziwani likaloa mpaka likawa zito kama mtoto, nikaifunika injini yote na kuilalia kwa mikono nikihesabu pumzi zangu. Moto ukikosa hewa hauna ujanja. Ukafa. Mikono ilibabuka kidogo lakini nilijisikia mwanaume.

Mzee Okelo akashika lile tangi. "Hiki kitu ndicho kibaya, tukitupe majini."

"Liache, Mzee. Likimwagika hapa tutaelea ndani ya petroli, na haya maji ndiyo wanayochota kupikia kule tunakoenda."

Akaliacha. Nilimwona akinitazama vizuri kwa mara ya kwanza, na kama mambo yangeishia hapo ningekuwa leo nasimulia hadithi tofauti kabisa. Lakini kina mama walikuwa wamekimbilia upande mmoja kuogopa moto, boti ikalala, na jiwe kubwa tunalotumia kama nanga likabiringika likagonga ubao wa chini. Ubao ukaachia. Maji yakaanza kuingia kama bomba limepasuka.

"Kila mtu akae chini, katikati," nikasema, "na sufuria zote zifanye kazi."

Wakaanza kuchota na kumwaga nje, unga ukaenda huko huko. Mimi nikavua shati nikalisokomeza kwenye ule ufa. Maji yakalitema. Shati ni jepesi, hapo palitaka kitu kinene. Koti lilikuwa limeungua matundu matundu. Nikatazama nguo za kina mama, vitambaa vyepesi vya kwenda kanisani. Kisha nikatazama miguu yangu, nikaona suruali ya sufu. Nawaambia ukweli, moto sikuuogopa hivyo.

"Mama," nikasema nikiangalia pembeni, "naomba mgeuke mtazame Mbita."

Mama Atieno alikuwa amekwisha kuelewa. Maji yalikuwa yamemfika kwenye vifundo vya miguu na hakuacha kuchota hata mara moja. "Vua, nyathina, vua mwanangu," akasema. "Hakuna anayetaka kuzama kwa heshima."

Nikavua. Niliikunja ile suruali, nikaishindilia kwenye ufa, nikaikalia. Ikashika. Maji yakawa ya kuvuja tu, sufuria zikayaweza, na Mzee Okelo akachukua kasia moja nikachukua lingine, tukapiga makasia huku mimi nimekaa juu ya suruali yangu kama kuku juu ya mayai.

Kule ufukweni baba yangu alikuwa amesimama na wazee wote, na kwaya imejipanga. Waliimba mpaka boti ilipogusa mchanga na mimi nikasimama kuivuta. Kwaya ilinyamaza sauti moja moja, soprano wakiwa wa kwanza. Halafu tukaenda nyumbani, mimi nimefungwa leso ya shangazi kiunoni, na kina mama walipoingia ndani wakaona mapazia. Mmoja akajifanya anakohoa. Baadaye wote walikohoa.

Mzee Okelo ndiye aliyesimama kuwasemea wageni. Alisema wamekuja kuona mali na nyumba, lakini walichoona ni mtu, na kwamba Atieno aletwe. Hakutaja chupi. Namheshimu kwa hilo.

Tangu siku hiyo boti yangu haing'oi nanga bila gunia lililolowa kando ya injini, blanketi kuukuu la kuzibia na makopo ya kuchotea, na suti nilishonesha nyingine lakini haijakanyaga boti, hata nikimvusha nani. Mama mkwe wangu bado hanitazami usoni, ndivyo desturi ilivyo. Ila akitaka kuvuka huuliza kwanza boti ya Ochieng' inatoka saa ngapi, na wakimwambia imeshaondoka, anasubiri irudi.