Mguu Ulionukia

Esteria ndiye fundi wa pipa letu la kukamulia mafuta ya kunukia. Sisi akina mama wa kikundi hapa Mlalo tunakata mchaichai, yeye anapanga moto na kusubiri mvuke upite kwenye bomba, mpaka mafuta ya manjano yaanze kutona chupani. Ya karafuu huwa tunaletewa kutoka upande wa Amani.

Mwaka juzi alikuja mtaalamu na visahani vya kioo alimootesha vijidudu vya usaha. Alipotonesha mchaichai peke yake, palisafika kidogo. Karafuu peke yake, kidogo vilevile. Alipochanganya yote mawili, pakasafika duara kubwa, nasi tukapiga vigelegele. Alisema pia kwamba kisahani si mwili wa mtu, ila vigelegele vilikuwa bado havijaisha.

Mume wa Esteria, Nathanaeli, ana sukari. Wakati wa kupalilia viazi alijikata kidole cha mguu kwa jembe. Esteria akachanganya mafuta yale mawili, akayazimua kwa mafuta ya alizeti, akampaka, akafunga kitambaa safi na kuomba. Ikawa hivyo kila asubuhi.

Huku kwetu kidonda hupimwa kwa pua. Anayekuja kutoa pole huinama kwanza, na akisikia uvundo ndipo watu hutafuta gari. Basi wote tuliinama, na chumba kizima kilinukia mchaichai.

"Shemeji," jirani yao Kassimu alimtania Esteria, "mguu wa mzee wako unanukia kuliko bibi harusi. Mnamwoza nani?"

"Nikuoze wewe, kama mahari unayo!" Nathanaeli akadakia kitandani. Tulicheka mpaka Esteria akajifuta machozi.

"Na maumivu je, Baba Yohane?" nikamwuliza Nathanaeli.

"Hauumi hata kidogo, dada."

Tukamshukuru Mungu. Kumbe mguu ulikuwa hauumi kwa kuwa ulikwisha kufa.

Homa ilipompanda hata akawa hatutambui, tukamteremsha hospitali. Muuguzi akafungua kitambaa, akabonyeza kisigino, ukamwagika usaha mweusi.

"Mama, siku zote hizi hukusikia harufu?"

"Nilisikia mchaichai," Esteria akasema.

Walimkata chini ya goti.

Pipa bado linachemka, maana watoto wanataka kula, na wageni wanaopita huisifu sana harufu yetu. Jioni Esteria huoga nyuma ya nyumba, akavaa khanga nyingine, ndipo aingie ndani. Nimemwombea mume wake moyo laini, na ninaendelea kuomba.

Juzi niliwapelekea maharage, nikamkuta Esteria ndiyo kwanza anaingia, nywele bado zinadondosha maji. Nathanaeli akageukia ukutani.

"Bado unayo hiyo harufu," akamwambia.

Esteria akachukua ndoo, akatoka tena.