Milango ya Mbao Mbichi

Mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alifariki kule Bujumbura tulikokuwa tukiishi. Nikaacha shule darasa la tatu, nikashika randa. Kusoma nasoma kwa shida. Mbao naisoma vizuri kuliko mtu yeyote hapa Gisozi nilikohamia baadaye, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Au hata kama najisifu, ni kweli.

Kazi yangu ni milango. Mbao mbichi naipanga nyuma ya karakana, vijiti katikati ya kila ubao ili upepo upite. Inakaa miezi. Halafu naigonga kwa vidole. Ikijibu kwa sauti nzito, bado ina maji. Ikilia kama chungu kitupu, iko tayari.

Binti yangu wa mwisho anasoma biashara chuo kikuu. Mwaka jana mwalimu wao aliwapa programu ya kompyuta: unaingiza biashara ya kweli, inakuonyesha mwaka wake unaokuja. Binti akaingiza ya kwangu. Siku ya kuionyesha darasani niliitwa, nikavaa koti.

Karakana yangu ikatokea ukutani, imechorwa vizuri. Rundo langu la mbao lilikuwa jekundu.

"Mzee," mwalimu akasema, kwa heshima, "hilo jekundu ndilo linaua biashara yako. Mali imelala."

"Haijalala. Inakauka."

"Baba," binti akaninong'oneza, "humu hamna mahali pa kuandika kukauka."

Mwanafunzi mmoja nyuma akasema, "Mzee anafuga mbao! Anazinywesha maziwa?" Wakacheka.

Ningeondoka. Lakini niliogopa kuonekana mjinga mbele ya binti yangu. Nikasema, "Sawa. Tutazitumia zote sasa." Binti akabonyeza. Rundo likawa kijani. Wakapiga makofi.

Wiki hiyohiyo nilizigonga. Zikajibu kwa sauti nzito. Nikajifanya sikusikia. Milango kumi na miwili ikaenda kwenye nyumba moja ya wageni Kibagabaga, wa kumi na tatu ukabaki karakanani.

Kiangazi kilipoingia, ule uliobaki ukaanza kupasuka. Ta. Kimya. Ta. Mafundi wakaacha kupiga randa, wakanitazama.

Asubuhi moja simu ikaita. Mwenye nyumba ile.

"Mzee, njoo na shoka. Mama yangu yuko chumbani, mlango hautaki kufunguka. Dawa zake ziko huku nje."

Nikaenda na binti. Mlango ulikuwa umejipinda kama nguo iliyokamuliwa. Nikamsikia yule bibi akihema upande wa pili.

"Nani alitengeneza kitu hiki?"

"Ni mimi, mama."

"Basi vunja."

Nikavunja kazi ya mikono yangu. Akatoka ameshika ukuta. Binti yangu akausogelea mlango wa chumba cha pili, akaugonga kwa vidole kama ninavyogonga mimi. Akanigeukia.

"Na huu, baba?"

"Na huu."

Leo nina karakana moja, mashine mbili za kukatia, randa saba, nyumba ya vyumba vinne, binti mwenye alama nzuri. Nina rundo jipya kwenye vijiti, bado lina maji. Nina milango kumi na mmoja Kibagabaga, wageni wanaifunga kila siku. Na simu moja, siizimi.