Sanduku la Makorora limejaa

Saa mbili asubuhi, Praxeda Alexander keshatoka ofisini kwake mara tatu na karudi mara tatu. Miguuni kandambili, mkononi daftari na kalamu. Leo hakai. Anapita mtaa wa Makorora nyumba kwa nyumba kuomba watu ruhusa ya kufuta barua zao.

"Hodi hapa. Nyie mna barua kumi na moja kwangu. Nifute ngapi?"

"Bibi Mwatum kasemaje?"

"Bado sijafika kwake."

"Basi ukitoka kwake, ndo upite na hapa."

Anaandika kitu kwenye daftari, anavuka mtaro, anapiga hodi nyumba ya pili. Jibu ni lilelile.

Kwa asiyemjua, Praxeda ana miaka arobaini na minne na ana chumba kimoja chenye kompyuta moja na laini ya simu. Mtaa mzima unatumia anwani moja tu ya barua pepe, ya kwake. Mwanao yuko Maskati, au Mombasa, anaandika kwenye anwani hiyohiyo, mstari wa kwanza anaweka jina la mwenye barua. Praxeda anaichapa, anaikunja, anakuletea mlangoni. Shilingi mia tano. Siku ikiwa nzuri anapata elfu sita, na humo humo kuna bili ya simu. Watu wanamwita Mama Barua. Jina la Praxeda wanalijua wenzake wa kanisani.

Sasa miaka mitatu hii, tangu 1998, hajafuta barua hata moja. Zimefika elfu tatu na kitu. Sanduku likajaa, na yeye hana habari. Kajua juzi tu, pale shemeji wa fundi Saleh, mshona nguo wa mtaa, alipopiga simu toka Mombasa kulalamika kwamba barua yake imemrudia.

"Nilishikwa na baridi mchana wa jua," anasema Praxeda, na hasimami hata wakati anaongea. "Siku nne watu wanaandika, barua zinarudi walikotoka. Na mimi nimekaa pale nawaambia leo hamna kitu."

Kwa nini asifute tu, nani atajua? Ukimuuliza hivyo anakuangalia kama umemtukana.

Baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge. Praxeda akajifunza kupiga chapa, na mwaka 1978 akaajiriwa kwenye teleksi ya kampuni moja ya mkonge hapa mjini. Teleksi ni ile mashine unapiga maneno hapa, yanajichapa London saa hiyohiyo. Miaka ile dukani sabuni hamna, sukari foleni, lakini bei ya mkonge ya Ulaya Praxeda anaijua kabla ya meneja.

"Siku ya kwanza tuliapishwa. Ujumbe ni wa mwenyewe. Huusemi, huuchani, huutupi mpaka mwenyewe aseme."

Mwaka 1993 kampuni ikauzwa. Watu sitini walipunguzwa kwa siku moja. Mwenye mali mpya alikuja na faksi yake, teleksi ikabebwa na mkokoteni. Kiapo Praxeda akaondoka nacho.

Fundi Saleh yuko barazani na cherehani yake. "Mama Barua, leo unahesabu watu? Sensa hiyo?"

"Nifute zako, fundi?"

"Zangu nakupa zote. Ila ile ya shemeji aliyoahidi redio iache, huo ni ushahidi." Anacheka, halafu anashusha sauti. "Lakini bibi Mwatum kakubali?"

Bibi Mwatum ndiye aliyewafunda nusu ya wanawake wa mtaa huu. Yeye ndiye aliyesema, tangu juzi, kwamba barua ikifutwa inamrudia aliyeiandika. Na kwao Moa, kijiji alikokulia, kurudisha barua ni kama kurudisha posa. Umemwambia mtu hapa undugu umekwisha. Basi nani tena atakubali?

Saa nne Praxeda anafika kwa bibi. Anamkuta anasuka ukili wa mkeka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Sitaki."

"Bibi, barua ya mwanao Yakoub, karatasi yake si unayo?"

"Hiyo nakala, umesema mwenyewe. Yenyewe iko huko kwako. Yakoub ana miezi kumi na moja hajaandika. Nikimrudishia hiyo moja, atanielewaje?"

Praxeda anakaa, kwa mara ya kwanza leo. "Ikifutwa hairudi kokote, bibi. Inakwisha tu. Zinazorudi ni mpya, kwa kuwa hizi za zamani zimejaza nafasi. Shemeji yake Saleh imemrudia ya kwake, muulize fundi."

Bibi anaacha kusuka.

"Tangu lini?"

"Siku nne. Tano na leo."

"Na Yakoub akiwa kaandika siku hizo?"

Praxeda anaangalia chini. "Itakuwa imemrudia."

Bibi anatafuta viatu. "Nipeleke."

Ofisini simu inayounganisha kompyuta inalia ile milio yake, inakatika, inalia tena. Praxeda anagonga meza kwa vidole. Anasema akijaliwa, kabla ya Ramadhani kila nyumba itakuwa na sanduku lake na neno lake la siri. "Nitawafundisha wenyewe. Mtu mmoja asishike mlango wa mtaa mzima. Kosa hili nimelifanya mimi."

Barua ile ya zamani ya Yakoub inatokea. Bibi anataka isomwe neno kwa neno, mpaka salamu za paka. Kisha anauliza kitufe ni kipi, na anakibonyeza mwenyewe kwa kidole chenye hina.

Mlangoni fundi Saleh kaona yote. Keshageuka kwenda kuwatangazia majirani.

"Imeingia mpya?" bibi anauliza.

Praxeda anaangalia. "Bado."

"Basi mwandikie. Andika ninavyosema, usipambe. Kwa Yakoub. Ikiwa barua yako imekurudia, si mimi niliyeirudisha. Sanduku lilijaa. Nimefuta ya zamani kwa mkono wangu ili yako ipate pa kukaa. Andika tena."

Praxeda anaituma. Mlangoni watu washaanza kujipanga, kila mmoja anataja barua zake za kufuta. Bibi Mwatum hajainuka kwenye kiti.

"Angalia tena," anasema.