Jiwe la Mpaka Jikoni kwa Mwanaima

Siku bendera ya Mwingereza iliposhushwa, babake Mwanaima aliling'oa jiwe la mpaka nyuma ya nyumba yao, huko Timbwani. "Nchi imerudi kwa wenyewe," alisema, "mipaka ya Mwingereza imekwisha." Tangu hapo jiwe likawa kigoda cha jikoni, na Mwanaima amezeeka akilikalia, akikaanga mahamri.

Leo asubuhi aliona buti za askari mlangoni kabla hajaona nyuso.

"Shikamoo, bibi," alisema mpimaji wa ardhi aliyekuja nao. "Natafuta jiwe la mpaka."

"Marahaba." Hakuinuka. Mafuta yalichemka, akageuza mahamri kwa upawa.

"Sheria ya uhuru ilibadilisha serikali, bibi. Hati za mashamba iliziacha vilevile. Hapa pana mwenyewe, mwenye hati ya enzi ya Mwingereza, na kesho tingatinga linakuja."

"Kwa hivyo bendera ilishuka, mwenye shamba akabaki?"

Askari wakasogea.

Mwanaima akainuka taratibu, akalisukuma jiwe kwa mguu mpaka likagota viatu vya mpimaji.

"Haya, mpelekee Mwingereza wako. Mwambie asihangaike kurudi, maana wallahi hajaondoka."