Nani Amefungua Soketi Zangu?

Siku yangu ya kwanza kazini, kiwandani Tororo, msimamizi wetu, Fomeni, hakunisalimia. Alinyoosha mkono akasema, "Lete hiyo kisu." Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na kisu changu kidogo mfukoni, maana chuoni tulimenya waya kwa kisu, na wenye haraka walimenya kwa meno. Nikampa. Alikitia kwenye ovaroli lake na sijakiona mpaka leo. Kisha akaniwekea mkononi koleo dogo lenye mdomo wa mkato kama V na skrubu ubavuni. "Hii inaitwa stripa. Kama hujui kuitumia, usishike waya yangu."

Nyinyi mnaoanza kazi sasa, au mnaotaka kujitengenezea soketi nyumbani, nisikilizeni hapo kwanza. Stripa ni koleo la kumenya waya. Linakata ganda la plastiki na kuiacha shaba ya ndani bila kuigusa, na kazi yote iko kwenye huko kutoigusa. Shaba ikikwaruzwa kuzunguka, mahali pale pamekwisha dhoofika. Utaikaza ndani ya soketi, taa itawaka, mwenye nyumba atakushukuru, utakunywa chai yake. Baadaye waya inakatika polepole pale pale, inashikilia nusunusu, na siku mtu anapochomeka pasi, panapata moto mpaka ganda linayeyuka. Wewe wakati huo umeshasahau hata rangi ya mlango wake. Fomeni aliuita mkwaruzo huo kidonda.

Alitufundisha kukitafuta kwa ukucha. Unamenya waya, unapitisha ukucha juu ya shaba kuanzia kwenye ganda kwenda nje. Ukucha ukiteleza, sawa. Ukinasa, kata, anza upya. Nikamuuliza kwa nini nisiangalie tu, nina macho mazuri.

"Macho inasema uongo," akanijibu. "Tumia ukucha."

Fomeni alikuwa mzee wa Kisoko, mfupi, na sijawahi kuona mtu mwenye shaka kama yeye. Alimshuku muuza waya, alimshuku Injinia Mkuu, alishuku hata swichi aliyoizima mwenyewe. Alikuwa anagusa kwa testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, anaondoka, anarudi anagusa tena. "Shuku kila mtu," alituambia karibu kila asubuhi, "na uanze na mkono yako." Nusu ya kwanza ya maneno yake niliishika barabara. Ile nusu ya pili nilidhani anawaambia wenzangu.

Stripa ile ya Fomeni nikaondoka nayo nilipohamishiwa Busia, kwenye idara ya matengenezo. Ina mdomo mmoja tu, na skrubu yake ndiyo inayopima mdomo ufunge mpaka wapi. Ukitaka kumenya waya ya mbili nukta tano, ambayo ni ya soketi, unalegeza skrubu kidogo. Ukija kwenye moja nukta tano, waya ya taa, unaikaza. Jicho lako linaamua. Nilikuwa na jicho hilo, na nilijivuna nalo.

Busia ndipo shaka yangu ilipokomaa, kwa sababu pale mpakani na Kenya kila kitu kina ndugu yake wa uongo. Siku moja waliniletea rola za waya mpya, nikakwaruza shaba ya rola ya kwanza, chini yake nikaona weupe. Ilikuwa alumini iliyopakwa shaba kama mtu anavyojipaka poda. Nikazikataa zote. Mkuu wa Matengenezo akashika kiuno. "Mama, wewe utashuku hata uji ya mgonjwa."

"Kama imepikwa na huyu aliyeleta waya, ndiyo," nikamwambia.

Nilikuwa na alama yangu pia. Kila kifuniko cha soketi nilikifunga nikaacha mikato ya vichwa vya skrubu imesimama wima. Nikipita tena hata baada ya mwaka, nikiona mkato umelala, najua mtu ameingia. Mafundi wenzangu walinicheka, ila wengi nilishawakamata kwa njia hiyo, na walijua.

Nilipostaafu, kazi ya kwanza niliyofanya ni kubadilisha waya zote za nyumba yetu. Mume wangu Wandera, dereva wa malori mstaafu, alinishikia ngazi akilalamika kwamba hata kwenye lori hakuwahi kupewa amri nyingi vile. Haukupita muda mrefu, plagi ya pasi ikayeyuka ndani ya soketi. Nilichukua soketi ile nikaenda moja kwa moja dukani nilikoinunulia, nikamfokea mwenye duka mbele ya wateja wake. Nilimwita muuza takataka. Akanipa nyingine, nami nikatoka kichwa juu.

Wakati huo binti yetu Nafula alikuwa anajenga Buteba. Nyumba ilipofika kwenye lipu, akasema umeme atauweka mama yake, hataki fundi mwingine. Watoto wake watalala kwenye nyumba ile. Hakuna kazi niliyowahi kuitaka kuliko hiyo. Nilitaka wajukuu wawashe taa, na iwe mimi niliyeivutia waya.

Basi asubuhi moja nafagia sebuleni, naona mkato wa skrubu ya soketi umelala.

Niliacha ufagio. Nikaenda chumbani, soketi ya karibu na kitanda, imelala. Jikoni, moja imesimama, nyingine imelala. Nikazima meni swichi, ile ya umeme wa nyumba nzima, nikafungua ile ya sebuleni, na juu ya ganda jekundu la waya nikaona vijishimo vidogo vimejipanga safu mbili, kama panya ameonja akaacha. Nilivijua. Ni alama za stripa ya meno, ile inayoshika ganda yenyewe, inajipima yenyewe, inavuta yenyewe. Mimi sikuwa na stripa ya aina hiyo, na nilikuwa siitaki, kwa sababu chombo kinachoamua badala yako nilikiona kama mtu anayekujibia maswali uliyoulizwa wewe.

Mtu mmoja niliyemfahamu alikuwa nayo. Egesa, niliyemfundisha kazi mwenyewe, ambaye sasa ana mvi na karakana yake upande wa Kenya. Na Wandera siku hizi alikuwa ananihimiza sana niende kwenye kikundi cha akina mama. "Utachelewa, utachelewa," ananifungulia mpaka mlango. Mwanamume huyu ambaye zamani alikuwa hapendi nitoke! Nikajua tu. Wamekaa wawili, wanapanga kuninyang'anya kazi ya nyumba ya Nafula. Egesa anakuja kuangalia kazi yangu ili apate la kusema, na mume wangu ndiye anayemfungulia mlango. Nilikasirika mpaka chai ikanishinda kunywa.

Nilimwambia Wandera nakwenda Merikit kwa dada yangu, nitalala huko. Akanibebea mfuko mpaka barabarani, kwa furaha ambayo haikufichika. Nilifika stendi, nikaagiza chai na andazi, nikala taratibu, nikageuza njia.

Nilipokaribia nyumba nikasikia kimya. Redio ya Wandera huwa haizimwi mchana kutwa, kwa hiyo nikajua meni swichi iko chini. Niliingia kwa mlango wa jikoni. Egesa alikuwa amepiga magoti mbele ya soketi, stripa yake ya meno mkononi, na Wandera anammulikia kwa simu.

"Egesa," nikasema, "nani amekuita kwa nyumba yangu?"

Egesa alimtazama Wandera.

"Ni mimi," Wandera akasema. "Mimi ndio nilimuita. Kaa chini, Mama Nafula."

"Sikai. Unaleta mtu afungue soketi yangu nyuma ya mgongo yangu? Mnataka kazi ya Nafula, semeni!"

"Hakuna mtu anataka kazi yako," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea.

Egesa alitoa kopo la majani ya chai kwenye mfuko wake wa vifaa, akanifungulia. Ndani kulikuwa na vipande vifupi vya waya, ncha alizozikata kwenye soketi zangu. "Sikutupa, Mama. Nilijua siku moja utauliza."

"Nani alimenya hizi?"

"Mama..."

"Nauliza nani!"

"Ni wewe, Mama. Ni ile kazi ya juzi, ulipobadilisha waya ya nyumba."

Nilichukua kipande nikaenda nacho mlangoni kwenye jua. Shaba ilikuwa safi, inang'aa, haina hata doa. Nikaona raha moyoni. "Hii iko sawa kabisa," nikamwambia. "Unatafuta nini hapa?"

Hakubishana. Alisema tu, "Tumia ukucha, Mama."

Ukucha ulinasa. Niliuzungusha, ukanasa pande zote. Nikaikunja shaba kidogo na kuirudisha, ikakatika pale pale ikaanguka sakafuni. Nikachukua kipande cha pili, nikachukua na cha tatu.

Nitawaambia ukweli wa kichwa changu saa ile. Nilikuwa bado natafuta wa kumshuku. Kwanza waya yenyewe, labda ni feki. Halafu mwenye duka. Halafu nikamgeukia Egesa nikamwambia usoni kwamba vidonda hivyo kavitia yeye mwenyewe. Hakukasirika. Alikata waya mpya mbele yangu, akachukua stripa yangu ya Fomeni kutoka kwenye droo, akaniwekea vyote viwili mkononi. "Menya wewe."

Nililegeza skrubu kama nilivyoilegeza maisha yangu yote. Nikaiangalia kwa lile jicho ninalolitegemea. Nikamenya, ganda likatoka vizuri. Nikapitisha ukucha, ukanasa.

Nililia, na sioni haya kulisema. Macho yangu yalikuwa yameanza kufifia bila kuniaga, na mimi niliyeshuku dunia nzima sikuyashuku hata siku moja.

"Ile ya kitanda ilikuwa inapata moto," Wandera akasema. "Nikikuambia, ungeenda kupigana na mwenye duka tena."

"Na kwa Nafula?"

Alikuna kichwa. "Tulipanga wewe ufanye, halafu Egesa akufuate nyuma."

"Kimyakimya."

"Kimyakimya. Ungekubali kwa njia gani ingine?"

Kufuatwa nyuma kama mtoto anayejifunza kuosha vyombo kuliniuma, na kunaniuma hata sasa ninapoandika. Lakini alikuwa amesema kweli, nisingekubali.

Siku ya soko tulivuka kwenda upande wa Kenya, Wandera na mimi, kununua stripa. Nawasimulia nilivyoichagua kwa sababu wengi wenu mtanunua ya kwanza yenye rangi nzuri. Nilibeba kwenye pochi vipande vya waya ninayoitumia, mbili nukta tano na moja nukta tano. Kijana wa duka alinipa yenye safu ya matundu. "Mathe, hii ni original, ya Germany."

"Germany gani? Matundu yake yana namba za Kimarekani."

"Namba ni namba, mathe."

Si kweli, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Namba za Kimarekani zinapanda jinsi waya inavyokuwa nyembamba, na hazilingani na waya zetu. Waya yetu ya soketi inaangukia katikati ya matundu mawili. Tundu dogo linaikata shaba, kubwa linaacha ganda likining'inia, na mtu mvivu atachagua dogo kwa sababu linamaliza haraka. Nikamrudishia. Iliyofuata ilikuwa na matundu ya vipimo vyetu, ila vishikio vyake vilicheza nilipovitikisa, na mdomo unaocheza haukati mahali pamoja mara mbili. Nikairudisha nayo.

Halafu nikaomba ile ya meno. Wandera akageuka kunitazama. Nilimenya kipande, nikapitisha ukucha, ukateleza. Nikamenya kingine na kingine, nyembamba na nene, mpaka kijana akauliza kama ninanunua au ninafanya mtihani. Shaba nilikuwa siioni vizuri, lakini ukucha uliteleza kila mara. Nikainunua.

Buteba nilifanya kazi yote kwa mkono wangu. Nafula alinipikia, Wandera alinishikia ngazi na kulalamika. Nilipomaliza, sikufunga kitu. Vifuniko vya soketi nilivilaza sakafuni kila kimoja chini ya mahali pake, skrubu juu yake, nikampigia Egesa simu. "Njoo ukague," nikamwambia. "Iko wazi yote."

Alikuja, akaanza na chumba cha watoto. Nilisimama mlangoni nikisikiliza. Alikuwa anatoa waya, anapitisha ukucha, anairudisha, anasogea. Alipofika soketi iliyo nyuma ya mlango, akapitisha ukucha mara ya pili.

"Mama. Hii moja iko na kidonda."

"Najua," nikasema.

Ile nilikuwa nimeimenya makusudi kwa stripa ya Fomeni. Nilitaka kujua kama ataniambia, au atanionea huruma anyamaze. Egesa alinitazama, akaanza kucheka, na Wandera nje akacheka kabla hata hajaambiwa. Nilimwambia Egesa aikate, aimenye upya, kisha avifunge vifuniko vyote yeye mwenyewe. Nikaenda jikoni kumsaidia Nafula kusonga ugali.

Wandera anasema mikato ya skrubu imesimama wima nyumba nzima. Mimi sikwenda kuangalia.