Nafasi ya Mlezi

Hebu mfikirie bibi mmoja mbele ya meza ya karani, shuleni kwetu Chang'ombe, akimwandikisha mjukuu wake.

"Shikamoo, bibi. Wazazi wake?"

"Marahaba. Wote wamefariki. Mie ndiye ninayemlea."

Karani alibonyeza kompyuta, akatikisa kichwa. "Hakuna pa kumwandika mlezi, na bila mzazi haipokei."

Bibi akainamisha macho. "Basi niandike mie mama yake. Mungu anisamehe uongo."

Nikiwa nimesimama kando yao, niliona haya. Zamani fundi wa programu ile ya kuandikisha wanafunzi alikuwa ameniuliza kama aiondoe nafasi ya mlezi, kwa kuwa ilijazwa mara chache. Mwalimu mzima nikamjibu, "Iondoe, inatujazia kioo cha kompyuta bure."

Tafadhali kumbuka jambo moja: kabla hujakiondoa kinachotumiwa na wachache, waulize hao wachache. Uongo ule haukuwa wa bibi.